Kurwa Ametoka, Doto Bado

Mtoto wa kwanza akishalia, chumba kizima hushusha pumzi. Shangazi aliyeko mlangoni anapiga kigelegele, mama anajilaza akidhani mzigo umetuliwa, na muuguzi ameshaanza kupapasa trei akitafuta sindano ya kuzuia damu. Dakika hiyo hiyo mkono mmoja unatakiwa urudi tumboni. Mfuko wa uzazi uliobaki mtupu hushuka hadi usawa wa kitovu na kuwa mgumu kama dafu. Ukikuta tumbo bado limepanda juu ya kitovu, na vidole vikagusa kitu cha mviringo kinachokwepa, basi doto yumo, na sindano ile ikichomwa sasa inaweza kumuua.

Haya ni ya wodini na ya majumbani mwa Tanga. Tunamwandikia mama kijacho mwenye mimba ya pacha, mumewe, mama mkwe wake, na mkunga mwenzetu wa zahanati ambaye usiku yuko peke yake na taa moja. Tumeanzia hapo katikati, kati ya kurwa na doto, kwa sababu karibu kila jambo linalofanyika kliniki kwa miezi minane ni maandalizi ya nusu saa hiyo na ya saa mbili zinazoifuata.

Sindano yenyewe ni oksitosini, uniti 10, huchomwa pajani ndani ya dakika moja baada ya mtoto kutoka. Kazi yake ni kuufanya mfuko wa uzazi ujikaze ili mishipa iliyoachwa wazi na kondo ifungwe. Kwa mimba ya mtoto mmoja ni mkombozi. Kwa pacha, ikiwahi, mfuko hujikaza ukiwa na mtoto ndani: damu inayopita kwenye kondo hukatika, na mtoto hana pa kutokea. Ndiyo maana tunasisitiza kwamba tumbo liguswe kabla ya kila sindano, kwa kila mzazi, hata yule aliyeandikiwa kwenye kadi kwamba ana mtoto mmoja. Kadi hukosea, na wapo wanaokuja kujifungua bila kupimwa hata mara moja.

Kurwa akishatoka, hukaushwa na kulazwa kifuani kwa mama au kukabidhiwa msaidizi. Kiungamwana chake kibanwe sehemu mbili na kukatwa katikati. Upande unaobaki kwa mama ubanwe barabara na usilegezwe, kwani pacha wanaochangia kondo huchangia na mishipa, na damu ya doto inaweza kuchuruzika kupitia kiungamwana cha nduguye. Kibanio kimoja kwa kurwa, viwili kwa doto: kondo likitoka, utajua lipi la nani. Katika hatua hii hakuna kuvuta kiungamwana. Kondo la kurwa lisubiri. Ukilivuta linaweza kubanduka pamoja na la doto.

Msaidizi wa pili asimame kando ya kitanda, viganja vyake vibane tumbo ubavu wa kulia na wa kushoto kama ashikaye ngoma, ili doto ashuke wima. Nduguye ameacha nafasi kubwa, na mtoto mdogo ndani ya nafasi kubwa hugeuka upesi. Aliyekuwa ametanguliza kichwa saa moja iliyopita anaweza sasa kutanguliza makalio, au akakingama kabisa. Kwa hiyo hupimwa upya: kwanza kwa nje, kisha moyo wake husikilizwa, mapigo 110 hadi 160 kwa dakika, kisha kwa ndani. Chupa ya doto isipasuliwe kichwa kikiwa bado juu. Maji yakitoka kwa kasi, kiungamwana kinaweza kutangulia mbele ya kichwa, na hapo mnakuwa mnakimbizana na dakika.

Uchungu mara nyingi hukata kidogo baada ya kurwa. Mama husinzia, na ndugu huingiwa na hofu. Kupoa huko peke yake si ajali, ila kukipita dakika kumi bila dalili ya uchungu kurudi, daktari au mkunga mwenye uzoefu huweza kuanzisha dripu yenye oksitosini. Dripu na sindano ni vitu viwili tofauti: dripu huingia tone kwa tone, huongezwa na kupunguzwa huku moyo wa mtoto unasikilizwa, sindano ikishaingia hairudi. Doto wengi huzaliwa ndani ya nusu saa. Akichelewa, moyo wake ukiwa mzuri na damu haitoki, kuna nafasi ya kusubiri, lakini si ya kukaa kitako: mlango wa kizazi huanza kujirudi, na kondo linaweza kubanduka kabla ya wakati. Aliyekingama hugeuzwa kwa nje na mikono inayojua, au daktari humfuata kwa ndani na kumshika miguu, au mama hupelekwa kwenye upasuaji. Hakuna njia ya nne. Doto aliyekingama hatoki kwa kusukuma, hata mama asukume hadi kesho.

Sasa itazame ramani ya mkoa wetu. Mama anayekaa Makorora au Ngamiani anafika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo, kwa bajaji kabla uchungu haujakolea. Anayekaa kusini ya mto Pangani, upande wa Bweni na kuendelea, ana mto wa kuvuka kabla hajafika mjini Pangani. Wa vijiji vya milimani Lushoto ana kona za kushuka, na mvua za masika zikikolea njia za udongo huteleza hata kwa pikipiki. Zahanati zetu zina wakunga hodari, lakini hazina chumba cha upasuaji wala damu ya kuongezea. Pacha hawapangwi kuzaliwa zahanati. Hilo kwetu halina mjadala, na tunalisema kwa heshima yote kwa wakunga wa jadi waliozalisha pacha nyumbani na watoto wakaishi. Watoto waliozaliwa hivyo wakafa nao walikuwepo.

Mpango unaofaa ni huu: wiki ya 34 ikifika, familia iwe imeshaamua mama atajifungulia wapi na atafikaje. Wiki ya 36 awe ameshasogea karibu, kwa ndugu mjini au kwenye chumba cha kusubiria kujifungua pale kilipo. Mwenye pacha wanaochangia kondo moja asogee mapema zaidi. Dereva wa bajaji au bodaboda awe amezungumzwa, na namba yake ijulikane na watu wawili nyumbani. Ile namba ya bure ya dharura ya usafiri wa wajawazito na watoto wachanga, 115, iandikwe ukutani kwa mkaa ikibidi. Simu iliyoisha chaji haina namba ndani yake.

Jambo moja lililo muhimu kuliko yote kliniki ni kujua watoto wanakaaje ndani. Watu huuliza jinsia, ni kawaida, lakini swali la kwanza kwa mpimaji wa ultrasaundi liwe: kondo ni moja au mbili? La pili: kama ni moja, upo ukuta kati yao au wako chupa moja? Majibu yaandikwe kwenye kadi kwa kalamu, yasibaki kichwani mwa mpimaji. Kipimo hiki husomeka vizuri kabla ya wiki ya 14. Baadaye kuta za chupa hukonda na kukandamizana, hata mtaalamu mzuri hubaki anakisia. Kama fedha yako inatosha kipimo kimoja tu, usiingoje miezi ya mwisho.

Kwa nini kondo? Pacha wenye kondo mbili kila mmoja ana chakula chake. Hao hupimwa ukuaji kila wiki nne, na wakienda vizuri hulengwa kuzaliwa wiki ya 37 hadi 38. Wenye kondo moja wanachangia mishipa, na damu inaweza kumiminika kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwenzake: mmoja hukonda na kukosa maji, wa pili huvimba na kujaa maji. Hao wanatakiwa kupimwa kila wiki mbili kuanzia wiki ya 16, na kuzaliwa wiki ya 36 hadi 37. Mama wa pacha wa namna hii akiona tumbo limejaa ghafla ndani ya siku chache, likawa gumu na linalong'aa, hapumui vizuri akilala, aende siku hiyo hiyo. Wanaokaa chupa moja ni wachache mno. Viungamwana vyao hujisokota, na hao huzaliwa kwa upasuaji kati ya wiki ya 32 na 34, palipo na wodi ya watoto njiti.

Pasipo na ultrasaundi, mikono na masikio vinafanya kazi. Kuanzia wiki ya 20, kimo cha tumbo kwa sentimita hulingana takriban na idadi ya wiki. Kikizidi kwa sentimita tatu au zaidi, mkunga atafute sababu. Akigusa vichwa viwili, au viungo vingi kila upande, awaite wenzake. Kuna kipimo cha zamani ambacho tunakipenda: watu wawili, vifaa viwili vya kusikilizia, kila mmoja anatafuta moyo mahali pake, wanaanza kuhesabu pamoja na kuacha pamoja kwa dakika nzima. Hesabu zikitofautiana kwa mapigo kumi au zaidi, mioyo ni miwili. Akihesabu mtu mmoja hapa kisha pale, hapo hujapima kitu, maana moyo wa mtoto mmoja nao hubadilika dakika hadi dakika.

Kisha damu. Mimba ya pacha hunyonya chuma maradufu, na saa ya kujifungua huimwaga. Mama anayeingia leba na wingi wa damu wa 8 akipoteza nusu lita yuko hatarini kuliko mwenye 12 aliyepoteza lita nzima. Chini ya 11 ni upungufu wa damu, na tunataka upungufu huo uonekane mwezi wa nne, si wa tisa. Vidonge vya chuma na foliki asidi, miligramu 60 za chuma kila siku, vimezwe kwa chungwa au ndimu. Machungwa ya Muheza yamejaa barabarani, hakuna kisingizio. Visimezwe kwa chai ya rangi: chai huzuia chuma kuingia mwilini, na wengi wetu tumezoea kumeza dawa kwa chai ya asubuhi. Iachwe saa moja kabla na saa mbili baada. Choo kitakuwa cheusi, hilo lisikutishe. Vikikuchafua tumbo, vimezwe usiku baada ya kula, usiviache. Mchicha na kisamvu ni vizuri, lakini dagaa, samaki na maini ndivyo vinavyotoa chuma kinachoingia kwa urahisi.

Malaria hula damu, na pwani yetu ina mbu mwaka mzima. Vidonge vitatu vya SP, dawa ya kuzuia malaria, humezwa kwa mara moja mbele ya muuguzi, kuanzia miezi mitatu ya kwanza ikishapita, kisha kila baada ya wiki nne au zaidi, angalau mara tatu kabla ya kujifungua. Mama anayetumia kotrimoksazoli kwa ajili ya VVU hapewi SP. Chandarua kila usiku, hata usiku wa joto la Januari. Na familia iwe imepeleka watu wawili watatu kuchangia damu kabla, kwa moyo, bila kungoja mume akimbizwe saa nane usiku kutafuta mtu wa kundi la damu la mkewe.

Presha ni adui mwingine. Mwenye pacha hupata kifafa cha mimba kwa urahisi kuliko mwenye mtoto mmoja. Presha ya 140 kwa 90 na kuendelea, pamoja na protini kwenye mkojo, si ya kuambiwa urudi wiki ijayo. Kichwa kinachouma mbele na hakisikii panado, macho kuona nyota au ukungu, maumivu chini ya kifua upande wa kulia, uso na mikono kuvimba asubuhi: yoyote katika hizo ni safari ya hospitali leo. Muulize daktari mapema kuhusu aspirini ndogo ya miligramu 75, ambayo huanzwa kabla ya wiki ya 20 kwa walio katika hatari. Usijinunulie dukani.

Zaidi ya nusu ya pacha huzaliwa kabla ya wiki ya 37. Hivyo tumbo likikaza na kuachia kwa mpangilio kabla ya wakati, mgongo ukivuta kuelekea chini, au maji yakitoka hata kidogo yasiyo na harufu ya mkojo, usilale nyumbani ukipimia. Kabla ya wiki ya 34 kuna sindano za deksamethasoni, miligramu 6 kila saa 12, mara nne, zinazokomaza mapafu ya watoto. Huhitaji siku mbili kukamilika. Mama aliyefika uchungu ukianza anazipata. Aliyefika akisukuma hazipati. Tunaliona hili mara nyingi, na linauma kwa sababu dawa ipo na si ghali.

Kuhusu upasuaji: wapo wanaodhani pacha lazima wapasuliwe, na wapo wanaoona aibu kupasuliwa. Wote wawili waache. Utafiti mkubwa uliotangazwa 2013, wenye wanawake 2,804 katika nchi 25, uliangalia mama ambao kurwa wao alitanguliza kichwa, mimba ikiwa kati ya wiki 32 na 38. Kupanga upasuaji hakukuwapunguzia watoto hatari ikilinganishwa na kupanga njia ya kawaida, mradi pawepo watu na vifaa vya kugeukia upasuaji haraka. Kwa hiyo kurwa akitanguliza kichwa na mama ni mzima, njia ya kawaida inafaa. Kurwa akitanguliza makalio au akikingama, mara nyingi upasuaji ndiyo salama. Na mama aambiwe mapema kwamba kuna uwezekano wa kumzaa kurwa kwa kawaida kisha doto akatolewa kwa upasuaji. Si mara nyingi, lakini likitokea bila kuambiwa hubaki na jeraha moyoni.

Mkoba wa pacha ni mkubwa, na kitu kinachopungua kila mara ni kanga. Hesabu: kila mtoto kanga moja ya kumkaushia na moja ya kumfunika, hizo nne. Iliyokaushia imelowa, hutupwa pembeni mara moja, kwani mtoto mdogo akifunikwa kwa kitambaa kibichi hupoa upesi. Mbili za mama, mbili za kuwafungia watoto kifuani. Doti nne kwa jumla, zilizofuliwa na kukaushwa juani, laini na kuukuu. Kanga mpya ina wanga na hainyonyi maji. Kofia mbili, soksi jozi mbili, pedi za kutosha, chupa ya uji.

Doto akishatoka, tumbo liguswe tena. Kwa nini tena? Kwa sababu watatu wapo. Likiwa tupu, sasa ndiyo zamu ya sindano ya oksitosini. Kondo hutoka, hukaguliwa kama yametimia, na saa mbili ngumu zinaanza. Mfuko wa uzazi uliobeba watoto wawili umevutika kama puto. Hauna nguvu ya kujikaza kama ule wa mtoto mmoja. Damu hutoka taratibu, bila kelele, huku watu wakishangilia watoto. Wakunga wa jadi wa Kigoma walifundishwa kipimo kinachofaa popote: kanga mbili zilizolowa damu ni takriban nusu lita au zaidi, na hapo mama anahitaji msaada sasa. Hospitalini ni bora kutumia mfuko wa plastiki wenye alama, unaowekwa chini ya makalio. Utafiti uliofanyika Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania na kutangazwa 2023 ulionyesha kuwa kupima damu hivyo na kutoa tiba zote kwa mkupuo kulipunguza kwa asilimia 60 kuvuja damu kukali, upasuaji wa kuzuia damu na vifo vilivyotokana nako, vikijumlishwa pamoja.

Tiba hizo ni kukanda mfuko wa uzazi kwa kiganja hadi uwe mgumu, oksitosini, asidi ya traneksamiki (dawa ya kuzuia damu) gramu 1 ndani ya saa tatu tangu kujifungua, dripu, na kutafuta chanzo. Kuna jambo dogo linalosahaulika: kibofu. Kikijaa husukuma mfuko wa uzazi pembeni na kuuzuia kujikaza. Mama akojoe, au awekewe mpira. Shangazi aliye kando ya kitanda anaweza kufundishwa kuugusa mfuko kila robo saa kwa saa mbili za kwanza. Akiona umelainika kama unga uliokandwa, amwite muuguzi, asiogope kuambiwa anasumbua.

Nyumbani, arobaini inaanza, na mzazi wa pwani hukandwa. Hatuna ugomvi na kukandwa. Mwili hupumzika na mama huona anapendwa. Ila aliyepoteza damu nyingi akikandwa kwa maji ya moto huzunguzwa na kuanguka, na mwenye mshono wa tumboni akandwe mgongo na miguu, tumbo liachwe. Bibi ajaribu maji kwa kiwiko chake mwenyewe. Mama akipata homa, usaha wenye harufu, kichwa kikali au damu iliyorudi nyekundu kwa wingi, arobaini isimzuie kutoka nje. Kwa mwajiriwa, sheria ya ajira ya 2004 inampa likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 100 kwa kujifungua zaidi ya mtoto mmoja, badala ya 84. Wengi hupewa 84 kwa kuwa hawakuuliza.

Maziwa yatatosha. Titi hutengeneza kulingana na linavyonyonywa, na titi la mama wa pacha hujifunza haraka likipewa nafasi. Kinacholiangusha ni kopo la maziwa lililoletwa siku ya pili kwa huruma. Maziwa ya mwanzo, dang'a, ni machache na ya njano, na yanatosha tumbo la mtoto wa siku moja. Wote wawili wawekwe titini ndani ya saa moja ikiwezekana. Kunyonyesha pamoja huokoa muda: kila mtoto chini ya kwapa, miguu ikielekea nyuma ya mama, mto chini ya mikono, vichwa viwili mbele. Ila siku za kwanza nyonyesha mmoja mmoja hadi kila mmoja ajue kushika vizuri, mdomo wazi, sehemu kubwa ya weusi wa titi imo kinywani. Badilisheni matiti, kwani mmoja huwa na nguvu zaidi na titi lake hujaa kuliko la mwenzake.

Mtoto mdogo sana huchoka kabla ya kushiba. Huyo hukamuliwa maziwa na kunyweshwa kwa kikombe kidogo, si kwa chupa. Hesabu yake: siku ya kwanza mililita 60 kwa kila kilo, kisha huongezwa takriban 20 kwa kilo kila siku hadi kufika 150. Doto wa kilo 1.8 anahitaji mililita 108 siku ya kwanza. Akilishwa kila saa mbili, mchana na usiku, ni mililita 9 kila mara, karibu vijiko viwili vya chai. Akae wima mapajani, kikombe kiguse mdomo wa chini, maziwa yafike ukingoni, yeye mwenyewe ayafuate kwa ulimi. Kumwagia ndani kunayapeleka maziwa kwenye mapafu. Andikeni kwenye daftari, kurasa mbili tofauti, kurwa na doto, saa na kiasi. Usiku wa manane hakuna anayekumbuka nani alikula, na anayerukwa siku zote ni yule mpole asiyelia.

Na kangaruu, yaani kumbeba mtoto mdogo kifuani. Njia hii ilianzia Bogotá, Kolombia, 1978, hospitali ilipopungukiwa vitotoleshi, na sasa ndiyo tegemeo la watoto wadogo kila mahali. Mama anakaa ameegemea. Mtoto havai kitu ila nepi, kofia na soksi. Hulazwa wima katikati ya matiti, ngozi kwa ngozi, kichwa kimegeuzwa upande na kuinuliwa kidogo ili pua iwe wazi, mikono na miguu imekunjwa kama chura. Kanga hupitishwa mgongoni mwake, ukingo wa juu ufike chini ya sikio, ifungwe ikaze kifuani na ilegee tumboni, kwa kuwa mtoto hupumua kwa tumbo. Pacha wawili hukaa pamoja, kila mmoja upande wake, wakitazamana. Saa nane kwa siku ni kiasi cha chini. Zikifika ishirini ni bora, na baba, bibi au shangazi wanaweza kumpokea mmoja. Kifua cha mwanamume kina joto lile lile.

Siku za mwanzo watapungua uzito, hadi sehemu moja ya kumi, na wataurudisha ndani ya wiki mbili. Baada ya hapo wa kilo 1.8 anatakiwa aongeze karibu gramu 27 kwa siku, kwa hiyo pimeni kila wiki kwa mizani ile ile, bila nguo, na mtarajie gramu 190 hivi. Akisimama wiki nzima, akiwa baridi miguuni, akigoma kunyonya au akipumua kwa kuvuta mbavu, arudi hospitali. Kurwa mara nyingi hutangulia kunenepa, doto akafuata wiki kadhaa nyuma. Karibu na kilo 2.5 kila mmoja kwa siku yake huanza kujinyoosha ndani ya kanga, anatoa mkono, anatoa mguu, analia akifungwa na kunyamaza akifunguliwa. Huyo mfungueni. Aliyebaki aendelee.